Muheza hadi Amani: wadudu, picha na majina yao

Wengi wanaopanda hadi Amani, hifadhi ya msitu kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, hufuata ndege, au lile ua dogo la urujuani la Usambara lililosambaa madirishani mwa watu dunia nzima. Mimi na binamu yangu tulifuata wadudu. Hatukubeba wavu wala chupa. Tulibeba simu mbili, lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera, shuka jeupe, taa ya kuchaji na daftari. Nilitaka kujua jambo moja tu: picha ya simu inaweza kumsogeza mdudu karibu kiasi gani na jina lake la kweli, na inaishia wapi.

Haya nimeyaandika baada ya kurudi, daftari likiwa mkononi na picha zikiwa mezani. Palipokuwa na barabara tupu nimeruka.

Jumatano: Tanga hadi Muheza

Tuliondoka stendi ya Kange asubuhi, tukapita mashamba ya mkonge, na kabla ya saa moja kwisha tulikuwa Muheza. Tabu ilianzia hapo. Basi la Amani tuliambiwa linaondoka saa sita. Saa sita ikafika, dereva akaenda kutafuta tairi, konda akaendelea kupakia magunia ya unga na mabati juu ya paa. Liliondoka saa tisa na kitu. Anayetaka kufuata njia hii ajipange hivyo: magari ya Amani ni machache, huondoka mchana, na ukilikosa hilo inabidi ukodi bodaboda kwa bei ya kuelewana. Sisi tulitajiwa shilingi 25,000 kwa mtu mmoja na mzigo wake, tukaamua kusubiri.

Kusubiri Muheza si adhabu, maana machungwa yako kila upande. Mama mmoja muuzaji alipotuona tumeinamia mti nyuma ya kibanda chake alituuliza tumepoteza nini.

"Shikamoo mama. Hatujapoteza kitu, tunapiga picha wadudu."

"Marahaba wanangu. Majimoto hao, watawauma! Piga, lakini usiguse tawi."

Majimoto, hao sisimizi wa mtini, ndio waliotufungulia daftari. Walikuwa wameyavuta majani ya mchungwa pamoja na kuyashona kwa uzi mweupe. Uzi ule hautoki kwa majimoto wakubwa. Unatoka kwa mabuu wao, ambao wakubwa huwabeba mdomoni na kuwapitisha kutoka ukingo wa jani hadi mwingine. Picha moja ya kiota na moja ya sisimizi mwenyewe akiwa amesimama kwa miguu mirefu zilitosha kabisa. Duniani leo majimoto wa jenasi ya Oecophylla, yaani kundi moja la spishi ndugu, wamebaki spishi mbili tu: mmoja yuko Asia na Australia, mwingine, Oecophylla longinoda, ndiye wa kwetu Afrika. Mahali peke yake pamemaliza kazi. Ndiyo maana picha isiyo na mahali imepoteza nusu ya thamani yake.

Mama akatuita kwenye mti wa pili. "Mmeona huyu? Huyu anatumalizia miche." Juu ya jani changa palikuwa na kiwavi mdogo wa kahawia na mweupe, ambaye ungeapa ni kinyesi cha ndege kilichokauka. Tawi la chini yake lilikuwa na mwenzake mkubwa, wa kijani, mwenye mistari ya kahawia iliyolala ubavuni. Mama akamgusa mgongoni kwa kijiti. Mara moja zikachomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye rangi ya chungwa lililoiva sana, na harufu kali ikatupiga puani. Binamu yangu alikuwa amekwisha kubonyeza simu kwa mfululizo, na pembe zile zimo kwenye picha. Ni Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi wa madoa ya manjano asiye na mikia, anayezunguka kila penye michungwa. Kiwavi wa peke yake pichani, bila jani, angetusumbua. Akiwa juu ya mchungwa, na rangi zile, na pembe zile, alijitambulisha mwenyewe.

Mama hakutaka pesa ya machungwa tuliyokula tukisubiri. Alitaka picha za kiwavi tu, nikamtumia palepale.

*Kwa anayejiandaa:* kabla ya kuondoka mjini hakikisha saa ya simu iko sahihi na kamera imeruhusiwa kuhifadhi mahali. GPS ya simu hufanya kazi hata pasipo na mtandao, na huko juu mtandao huja na kupotea. Picha yenye tarehe, saa na mahali inaweza kutambuliwa hata baada ya miaka.

Jumatano usiku: Zigi

Barabara baada ya Kisiwani inaingia msituni na hewa inabadilika ghafla. Tulishuka Zigi, kwenye lango la hifadhi, giza likianza kuingia. Enzi za Wajerumani reli ndogo iliishia hapa, na nyumba ya stesheni bado imesimama. Tulilipia kiingilio na kulala kwa namba ya malipo iliyotolewa pale ofisini. Beba salio kwenye simu, maana pesa taslimu haikusaidii sana kwenye malipo ya serikali. Kwa kupiga picha tu hatukuhitaji kibali kingine. Kukusanya wadudu kwa utafiti ni jambo tofauti kabisa, na lina vibali vyake, kuanzia COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.

Mzee wa zamu alipoona shuka alielewa. "Mnataka nondo? Msiweke upande wa taa za nyumba. Njooni huku, panatazama msitu." Akatukatia fito mbili mwenyewe, tukafunga shuka, taa ikaning'inizwa mbele yake.

Ndani ya nusu saa shuka lilijaa. Nondo mmoja mkubwa alitua juu kabisa, kijani kibichi kilichochanganyika na waridi na weupe, mabawa yamechongoka nyuma. Huyo ni Daphnis nerii, na hakuna wa kumfananisha naye. Tulimpiga picha kutoka mbele yake moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na shuka. Kwa nondo aliyetulia hilo ndilo la muhimu: ukimpiga kwa mshazari, mistari ya mabawa inapinda, na mistari hiyo ndiyo anayoisoma mtaalamu.

Kisha akaja mgeni aliyetufanya tusahau chakula. Mdudu mnene wa kahawia, urefu wa kiungo cha kidole gumba na zaidi, fumbatio (sehemu ya nyuma ya mwili) nene la mviringo lililorefuka, macho makubwa meusi, taya zilizopinda. Alikuwa akijibamiza kwenye shuka kwa kelele. Binamu akasema nyigu. Ana mabawa manne na kiuno, kwa hiyo mtu hawezi kumlaumu. Mzee akacheka. "Huyo ni siafu."

Ndivyo ilivyo. Ni dume la siafu, jenasi Dorylus. Siafu tunaowajua, wale wa msururu, ni majike wasiozaa, vipofu, wasio na mabawa. Madume hutoka usiku kutafuta malkia wa makundi mengine na huvutwa na taa. Hawafanani kabisa na dada zao. Nilimpiga picha tatu: juu, ubavu, na uso. Ya ubavu ndiyo iliyotoa jibu, kwa sababu inaonyesha kile kinundu kimoja kati ya kidari na fumbatio kinachomweka kwenye ukoo wa sisimizi.

Vinondo vidogo vya kijivu vilikuwa vingi mno. Nilivipiga picha vilivyotulia na kuviandika "nondo" tu. Baada ya saa moja na nusu tulizima taa, maana nondo anayebaki shukani mpaka asubuhi huwa chakula cha ndege wa kwanza kuamka. Tulikula wali na maharage jikoni kwa mzee, wa moto, uliotiwa nazi, na chai ya iliki. Iliki hiyo inalimwa milimani humu humu.

Alhamisi: mtoni

Siku hii yote ilikuwa ya Mto Zigi na vijito vyake. Tulichukua muongoza wageni kutoka kijijini, mzee mwingine, mtu wa maneno machache aliyezoea kutembea na wanasayansi tangu ujana wake. Aliweka sharti moja kabla ya kuanza: hakuna kukanyaga ndani ya vijito vidogo. "Mguu mmoja unatibua maji mpaka kule chini. Wadudu wengi wa hapa watoto wao wako humo."

Ni kweli. Kereng'ende huishi majini kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akiwa lava asiye na mabawa, na tunayemwona akiruka yuko kwenye siku zake za mwisho.

Mambo ya kutazama kwa kereng'ende huanza na namna anavyotua. Wale wanene hutandaza mabawa, na macho yao kwa wengi hukutana au hukaribiana juu ya kichwa. Wale wembamba kwa kawaida hufunga mabawa juu ya mgongo, na macho yao yametengana, moja huku moja kule. Kwa hiyo picha ya kwanza ni ya juu na ya pili ni ya uso. Lakini wapo wembamba ambao hutua mabawa yakiwa wazi, na hao ndio waliotufanya tutembee polepole.

Kwenye mawe yaliyopigwa na jua tulimkuta dume wa Platycypha. Ukimtazama kutoka juu unaona fumbatio la buluu inayong'aa na huoni zaidi. Mzee akanishika bega: "Usipige bado. Ngoja jike aje." Tukakaa kwenye jiwe. Jike wa kahawia akapita, na dume akaondoka jiweni, akaelea hewani mbele yake huku miguu yote ikiwa imening'inia na kutetemeka. Miguu yenyewe ni mipana kupita kawaida, upande wa mbele nyeupe, upande wa nyuma nyekundu. Binamu yangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye kokoto, lenzi usawa wa maji, akapata picha ambayo miguu inaonekana pande zote mbili. Kwa miguu hiyo tulifika Platycypha caligata. Bila miguu tungeishia kwenye jenasi, kwa sababu buluu ya mgongoni peke yake haitoshi.

Nilikuwa nimesoma juu ya kereng'ende mmoja wa hapa kabla ya kuja, na nilimuuliza mzee kwa sauti ya chini. Amanipodagrion gilliesi. Jenasi nzima imebeba jina la Amani. Alielezwa kisayansi mwaka 1962, na jina lake la pili ni heshima kwa Gillies, mtafiti wa mbu wa malaria aliyefanya kazi milimani hapa. Hajulikani kuwepo mahali pengine popote duniani zaidi ya misitu hii ya Amani na Zigi, na yumo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Ni mmoja wa wale wembamba wanaotua mabawa wazi, kivulini, kwenye vijito vya msitu mzito.

Mzee alitupeleka mahali ambapo aliwahi kumwona, tukasimama ukingoni muda mrefu bila kusema. Hakutokea. Mzee akatuomba kitu ambacho nakiheshimu na nakiomba kwa kila atakayekwenda: ukibahatika kumpiga picha, usitangaze kijito. Programu kubwa za utambuzi huficha zenyewe mahali kamili pa viumbe walio hatarini, lakini picha unayoitupia kundi la WhatsApp pamoja na ramani haifichwi na mtu.

*Kwa anayejiandaa:* nenda mapema. Asubuhi yenye baridi wadudu hawajapata joto la kuruka, unaweza kumkaribia mpaka kiganja kimoja. Sogea kutoka mbele au ubavuni, chini, na uangalie kivuli chako, kwani kivuli kikimpita tu ameondoka. Piga moja ukiwa mbali, hata kama ni mbaya, ndipo usogee.

Ijumaa: kupanda

Kutoka Zigi hadi Amani barabara inapanda kwa kona nyingi mpaka karibu mita 900. Basi halikuja. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha mti mahali fulani juu. Tukaanza kwa miguu, mizigo mgongoni, na ukweli ni kwamba kwa mtu wa wadudu hiyo ndiyo njia bora, kwani gari lingetupitisha haraka mbele ya kila kitu.

Penye kona ya msitu msururu wa siafu ulikuwa umekata barabara. Wale askari wenye vichwa vikubwa walikuwa wamesimama pembeni taya juu, na katikati walipita wadogo wamebeba watoto. Tulipiga picha kwa kuvuta, hatukusogea. Tuliwaandika Dorylus na tukaishia hapo. Spishi za jenasi hiyo hutenganishwa kwa vipimo vidogo ambavyo picha ya barabarani haivitoi.

Mti ulioanguka tuliukuta mbele kidogo, na ndio ulioleta picha iliyozua maneno mengi kuliko zote. Kwenye gome lililochubuka alikuwa amekaa mbawakawa mweusi mwenye mabaka ya manjano mabichi, papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, ndefu kuliko mwili, zimerushwa nyuma. Papasi za namna hiyo zinamweka kwenye ukoo wa Cerambycidae, wale ambao watoto wao hutafuna miti. Nilipata picha mbili za juu, safi kabisa, kila kibonyeo cha ganda la mabawa kinaonekana. Nilipozunguka kutafuta ubavu, akajiachia, akaanguka kwenye majani na kupotea. Ndiyo kinga yao. Anayeongozana na mwenzake amwombe aweke kitambaa chini ya tawi kabla ya kusogea.

Tulikuwa tumekaa pale tunakula mihogo ya kuchemsha tuliyofungiwa Zigi, lori la chai likafika na vijana wenye mapanga na msumeno. Walikata mti, wakasafisha njia, na dereva akatuita tupande nyuma. Hakukubali nauli. "Ninyi mmekaa na mti wangu tangu asubuhi, mmenilindia," akasema.

Mashamba ya chai yanapoanza, msitu hukaa pembeni na jua hushuka mpaka chini. Hapo vipepeo ni wengi. Tulishuka mapema kwa ajili ya mmoja tu: rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye baka jeupe. Kila mtoto wa pwani anamjua, lakini nguo hiyo huvaliwa na wawili. Danaus chrysippus hukulia kwenye mimea ya utomvu wenye sumu, na ndege wamejifunza kumwacha. Jike wa Hypolimnas misippus hana sumu hiyo, ila amevaa vilevile na ndege humwacha pia. Dume wake hana habari na mavazi hayo: ni mweusi mwenye mabaka meupe ya mviringo.

Tofauti iko kwenye bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa. Hypolimnas ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Tulisubiri mpaka afunge mabawa, tukapata upande wa chini, tukahesabu. Manne. Danaus, na ni dume, maana doa la nne ni la kwao madume.

Jumamosi: Amani

Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na bustani yao ya miti kutoka kila pembe ya dunia bado ipo. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997. Nyumba za zamani zimetumika pia kwa utafiti wa malaria, na ukilala Amani utaelewa kwamba mbu ana historia ndefu hapa.

Asubuhi mmoja alikuwa ukutani mwa chumba chetu, nyuma imeinuka, mwili wote mstari mmoja ulioinamia ukuta. Anofelesi, mbu wa malaria, hutua hivyo. Kuleksi, mbu wa jenasi nyingine, hulala sambamba na ukuta. Picha ya ubavuni inaonyesha hilo wazi na nimeihifadhi kwa fahari. Lakini hapo ndipo pa kusimama. Anopheles gambiae ni kundi la ndugu wanaofanana kiasi kwamba hata hadubini haiwatenganishi, na maabara hutumia vinasaba. Programu ya simu iliyokutajia spishi kwa picha ya mbu kama huyo imekupa tumaini, haijakupa jina.

Kwenye bustani, juu ya maua meupe, alikuwepo kipepeo mkubwa mweusi na mweupe. Muongoza wageni wetu, aliyepanda kwa bodaboda kutufuata, alisimama nasi. Mbele yetu kulikuwa na mambo mawili yanayowezekana. La kwanza, Amauris niavius, mwenye sumu. La pili, jike wa Papilio dardanus. Kipepeo huyu amewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 100: dume wake ni wa manjano hafifu mwenye mikia, na majike wake, kwa sehemu kubwa ya Afrika, hawana mikia na kila kundi limeiga kipepeo tofauti mwenye sumu. Mmoja wa wanaoigwa ni huyo Amauris.

Mabawa hayakutusaidia, kwani yameumbwa yasitusaidie. Mzee akasema, "Mpige chini, miguuni." Nikapiga ubavuni, mfululizo, akiwa ameshikilia ua. Tukakaa kwenye ngazi za bustani, tukavuta picha kwa vidole mpaka miguu ikajaa kioo. Tukahesabu, tukarudia. Sita, yote mirefu, yote imekanyaga ua. Amauris na jamaa zake hutembelea minne, miguu ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani. Papilio hutembelea sita. Na hata video fupi aliyochukua binamu ilikubaliana: mabawa hayakuacha kupigapiga alipokuwa akinywa, tabia ya akina Papilio. Jike wa dardanus. Nilisikia raha ambayo sijui kuieleza vizuri kwa mtu ambaye hajawahi kuhesabu miguu ya kipepeo.

Mchana mzee alitupeleka kwa jirani yake, mama aliyewahi kufuga vipepeo. Mradi wa vipepeo wa Amani ulifundisha wanakijiji kukuza viwavi na kuuza mabundo, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kutoka vipepeo, kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 serikali iliposimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, mabundo nayo yakasimama. Vibanda vya wavu nyuma ya nyumba yake sasa vina kuku.

Ujuzi haukuondoka na biashara. Alitukaribisha ndizi za kuchemsha na chai, akavaa miwani, akaomba kuona viwavi tuliowapiga picha njiani. Kwa kila picha aliuliza swali lile lile kabla ya kumtazama mdudu: "Jani lipi?" Pale tulipokuwa na picha ya mmea alitamka bila kusita anayetoka humo ni wa rangi gani, na anakaa bundo siku ngapi. Pale mmea ulipokuwa haumo alirudisha simu. "Huyu siwezi kukudanganya, mwanangu."

*Kwa anayejiandaa:* kila mdudu apate picha ya mmea wake, jani lote na ua kama lipo. Weka pia kitu cha kupimia, rula au hata kidole, pembeni na si juu yake. Na kwa nzi waliovaa mistari ya nyuki, ambao wamejaa kwenye maua ya Amani, tafuta mabawa: nyuki ana manne, nzi mawili, na papasi za nzi hao ni fupi mno kuonekana kwa mbali.

Jumapili: kushuka

Basi la alfajiri, usingizi mpaka Muheza, nyumbani mchana.

Nyumbani: kupanga majina

Kazi ya mezani imechukua siku nyingi kuliko safari. Tumetumia iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha California, Berkeley. Unapandisha picha za mdudu mmoja pamoja, programu inapendekeza, kisha watu wanakubali au wanapinga. Rekodi hupanda daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wanapokubaliana, na ikiwa ina tarehe na mahali.

Pendekezo la mashine ni mwanzo mzuri, hasa kwa familia. Lakini limejifunza zaidi kwa picha za Ulaya na Marekani Kaskazini kuliko za milima yetu, kwa hiyo mara kadhaa lilitupa mdudu asiyeishi Afrika kabisa. Tulijiwekea utaratibu: kila jina tulilipima kwanza kwa ramani, anaishi Tanzania au haishi, kisha kwa alama inayoonekana kwenye picha. Alama isipoonekana, tunapanda ngazi moja juu: kutoka spishi kwenda jenasi, kutoka jenasi kwenda familia, yaani ukoo. Rekodi iliyoishia kwenye familia kwa haki ina faida kwa atakayekuja na ujuzi zaidi. Iliyopewa spishi kwa kubahatisha inaingia kwenye ramani za watafiti na kukaa humo.

Majimoto, kiwavi wa mchungwa, Daphnis, Danaus na dardanus wamekubaliwa haraka. Platycypha alipata wa kumpinga mmoja, tukaongeza picha ya miguu, akakubali. Vinondo vya Zigi vingi vimebaki "nondo", kimoja kimechukuliwa na mtaalamu wa mbali na kupewa ukoo. Mbu yuko kwenye Anopheles na hapo atabaki.

Yule mbawakawa wa mti ulioanguka ndiye anayesumbua. Watu wawili wenye ujuzi wametofautiana kuhusu jenasi, na wote wanataka kitu kimoja: picha ya tumbo na ya nyayo, ambako vipande vidogo vya mguu huhesabiwa. Nimempigia simu mzee muongoza wageni. Anasema gogo liko palepale, vijana walilisukumia kando ya barabara tu, na mbawakawa wa namna ile amewaona tena juu yake. Jumamosi atapita na simu ya mwanawe na kanga ya mkewe ya kutandika chini.